Sharti la mwenye wakfu: jibu kwa binti wa Shela anayeomba ufadhili wa kusoma ng'ambo

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Shela, Lamu. Nilifanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwaka jana nikapata A-, na KUCCPS imenipangia chuo cha umma hapa nchini. Nataka kusomea uhandisi, na nimesikia kuna wakfu za nje zinazomlipia mwanafunzi kila kitu. Baba ni mvuvi, hana hati ya mshahara. Husoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo daftari lake la samaki huliandika mimi. Shuleni sikuwahi kuwa kiongozi wa chochote. Kuna bwana Mombasa anasema nikimpa shilingi 30,000 atanipatia nafasi. Nianzie wapi, na je, niiache nafasi ya KUCCPS?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo bwana wa Mombasa, kwa kuwa jibu lake ni fupi: usimpe. Wakfu wa kweli haumtozi mwombaji pesa ili umfikirie, wala hauna wakala wa kuuza nafasi. Gharama zipo, nazo ni za mitihani, ada ya maombi ya baadhi ya vyuo, pasipoti na viza. Lakini kila moja hulipwa kwa taasisi yenyewe na kwa risiti, na nyingine husamehewa mtu akiomba. Shilingi 30,000 anazozitaka zinatosha kulipia SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, nauli ya mashua na basi hadi Mombasa, malazi ya siku mbili, na bado ukarudi nyumbani na chenji.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Wewe ni mtu wa Lamu, kwa hiyo huhitaji kufafanuliwa wakfu ni nini. Umekua ukiona shamba la minazi, nyumba au duka ambalo mwenyewe aliliweka wakfu kwa msikiti au kwa kizazi chake, na unajua kwamba msimamizi wake, hata awe mwema kiasi gani, hana ruhusa ya kuyapeleka mapato mahali ambapo mwenye wakfu hakupataja. Mafakihi husema kwamba sharti la mwenye wakfu ni kama nassi ya sheria. Wakfu za Ulaya na Marekani hazikutokana na vitabu vya fikihi, lakini katika jambo hili zinaendeshwa vivyo hivyo, na ni hapa ambapo waombaji wengi ninaowaona huteleza. Huandika kana kwamba wanamwomba tajiri sadaka mlangoni, wakieleza shida baada ya shida, ilhali anayezisoma barua zao ni msimamizi aliyefungwa na sharti, ambaye kazi yake ni kumtafuta mtu ambaye sharti hilo linamwelekea. Umaskini wako unaweza kuwa sehemu ya sharti. Mara chache huwa ndio sharti zima.

Chukua mfano wa wakfu wa Rhodes, unaowapeleka wanafunzi Oxford. Cecil Rhodes alifariki mwaka 1902 na kuacha wasia uliowataja wanaume peke yao, na wanawake hawakuanza kuingia mpaka mwaka 1977, baada ya sheria ya Bunge la Uingereza kuwafungulia mlango. Kwa zaidi ya miaka 70, binti mwenye akili kuliko wote duniani asingeupata ufadhili ule, si kwa sababu wasimamizi hawakumwona, bali kwa sababu sharti halikumtaja. Wakfu wa Mastercard nao, ulioundwa mwaka 2006 na kuanzisha mpango wake wa ufadhili mwaka 2012, unamtaka kijana wa Kiafrika ambaye uwezo wa kwao ni mdogo, aliye hodari darasani, na anayeweza kuonyesha kwamba amekwisha kuwafaa wengine. Angalia hapo: "amekwisha", si "atakuja". Ufadhili wa Gates Cambridge, wa kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, uliotokana na dola milioni 210 zilizotolewa mwaka 2000, ni wa shahada za juu tu, kwa hiyo ukiutumia saa zako leo utakuwa umezipoteza, ingawa ni vizuri uujue kwa miaka ya mbele. Ufadhili wa kimataifa wa Wakfu wa Aga Khan pia ni wa shahada za juu, na kwa miaka mingi umetolewa nusu ruzuku na nusu mkopo unaorudishwa pamoja na ada. Utakapofika huko, suala la riba utamuuliza sheikh wako kabla ya kutia saini, wala usimuulize mwalimu mstaafu wa hesabu kama mimi.

Watu wa Lamu wa rika langu wanaikumbuka habari ya mwaka 2005, binti wa Siyu alipopewa na serikali ya China nafasi ya kwenda kusomea tiba ya Kichina kwa kuwa ukoo wake ulihusishwa na mabaharia wa Zheng He, amiri wa bahari wa China wa karne ya 15. Ni habari tamu, na binti yule aliistahili nafasi yake, lakini imewafanya baadhi ya wazazi waamini kwamba ufadhili ni bahati inayokuja yenyewe kupiga hodi. Hata ule ulikuwa na sharti lake, tena sharti ambalo watu wachache mno duniani wangelitimiza. Lako wewe itabidi ulitafute.

Ulitafute wapi? Kwa aliyemaliza KCSE na anayetaka shahada ya kwanza, wakfu mkubwa kuliko wote mara nyingi si ule wenye jina la tajiri, bali ni wakfu wa chuo chenyewe. Vyuo vikongwe vya Marekani vimerundika kwa karne kadhaa mali iliyowekwa wakfu na wahitimu wao. Wa Harvard pekee umepita dola bilioni 50, na faida yake ndiyo inayowalipia wanafunzi. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin huamua kumchukua mwanafunzi wa kigeni bila kutazama kama anaweza kulipa, kisha humjazia pengo lote lililobaki baada ya kupima uwezo wa wazazi wake. Sharti lao ni gumu upande mwingine: Harvard huchukua chini ya waombaji 5 katika kila 100. Chini ya hapo kuna vyuo vidogo vingi ambavyo hujaza pengo kama hilo kwa wale waliochukuliwa, ila hutazama mfuko kabla ya kuamua. Kwa hiyo usiombe chuo kimoja. Tovuti ya Common App inakuruhusu kuomba hadi vyuo 20 kwa fomu moja. Mimi hupendekeza vinane hadi kumi, kwa sababu zaidi ya hapo insha za ziada zitaanza kufanana, na msomaji hulihisi hilo.

Wakfu wa Mastercard hauombwi kwenye makao yake makuu. Unaomba chuo chenye ubia nao, kwa mfano Ashesi kule Ghana, Chuo Kikuu cha Cape Town au Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada, na ni chuo hicho kinachochagua. Orodha ya vyuo hivyo na ngazi za masomo wanazofadhili hubadilika, basi soma ukurasa wa chuo wa mwaka huu na usitegemee alichokwambia binamu aliyeomba mwaka juzi. Kuna pia mashirika ya humu nchini yanayowaandaa vijana kwa safari hii: Zawadi Africa, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya wasichana kutoka nyumba zenye uwezo mdogo, na KenSAP ya Iten, iliyoanza mwaka 2004. Haya huwataka waliomaliza KCSE hivi karibuni, nawe uko katika dirisha hilo sasa hivi. Uingereza ningeiweka nyuma, kwa sababu vyuo vingi vya huko havimchukui mwenye KCSE moja kwa moja mpaka asome kwanza mwaka wa maandalizi, na ufadhili wa mwaka huo ni haba sana.

Hilo la dirisha linanileta kwenye KUCCPS. Usiikatae nafasi uliyopewa, lakini usikimbilie darasani pia. Ufadhili mwingi wa shahada ya kwanza ni wa mtu ambaye hajaanza chuo kikuu. Ukishasoma muhula mmoja, vyuo vya Marekani vitakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na meza ya wanaohamia ina chakula kidogo. Vyuo vyetu vya umma vina utaratibu wa kuahirisha masomo. Ripoti, jisajili, kisha umwandikie msajili wa chuo barua ya kuomba kuahirisha, na uhakikishe unapewa jibu la maandishi lenye muhuri. Neno la mdomo la karani wa dirishani halitakusaidia mwaka ujao atakapokuwa amehamishwa. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, kiulize kila chuo cha nje unachokitaka, kwa barua pepe, kama mtu aliyejisajili na kuahirisha bila kuhudhuria darasa bado wanamwona mpya.

Nakuja sasa kwenye karatasi, na hapa nitakawia, kwa maana nimeona maombi mazuri yakikwama kwa herufi moja. Majina yetu ya pwani huandikwa na kila karani jinsi alivyosikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athman, cheti cha KCSE kinasema Othman, kitambulisho kinasema Adhman. Kwetu ni mtu mmoja, lakini kwa afisa wa viza ni watu watatu. Tandaza vyeti vyako vyote juu ya mkeka na uvisome herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wa majina, kwa kuwa kuna vyeti vinavyoanza na jina la baba. Pasipoti itafuata kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, wala haitafuata cheti cha mtihani. Palipo na tofauti, rekebisha kile kinachorekebishika kabla ya kuomba pasipoti, na kwa kinachobaki pata hati ya kiapo kwa wakili au kamishna wa viapo inayosema kwamba majina hayo yote ni yako. Katika fomu zote za nje tumia jina la pasipoti, hata kama silipendi wala wewe hulipendi.

Karatasi ya pili ni ile ya mapato ya baba, ambayo imekutia hofu bila sababu. Vyuo vingi vya Marekani hutumia fomu iitwayo CSS Profile, inayouliza mshahara, kodi, akiba na mali. Baadhi vina fomu yao isiyolipiwa, na vingi hutoa msamaha wa ada ya fomu ukiwaandikia kwa adabu na kueleza hali. Swali la mshahara ndilo huwakwamisha watoto wa wavuvi. Wengine huandika sifuri, na hilo ni kosa, kwa sababu msomaji atajiuliza mnakula nini. Wengine huchukua siku moja nzuri ya kaskazi, wakaizidisha mara 365, wakamfanya mzee wao awe na mapato kama ya meneja wa benki. Mvuvi hana mshahara, ana misimu. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na mashua hutoka. Wakati wa kusi, vyombo vidogo hushinda ufukweni wiki nzima, na nyumba huishi kwa mkopo wa tajiri anayenunua samaki.

Yote hayo yamo katika daftari unaloliandika. Mwaka mmoja nilikaa hapa Malindi na kijana wa kiume mwenye hali kama yako, tukafungua daftari la baba yake kwenye meza ya saiba, yaani duka la intaneti. Upande wa kushoto kulikuwa na kilo za changu, tafi na kolekole; upande wa kulia kulikuwa na makato ya petroli, barafu, nyavu, na deni la tajiri lililobebwa kutoka mwezi uliopita. Tulijumlisha mwezi kwa mwezi, tukatoa makato, tukapata kiasi halisi kilichoingia nyumbani, kisha tukakigawa kwa kiwango cha dola cha siku ile na kukiandika kando. BMU ya bandari yao, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, ikampa barua ya muhuri inayothibitisha kwamba mzee ni mvuvi aliyesajiliwa na kwamba samaki wake hupimwa pale. Chifu akaandika ya kwake kuhusu nyumba na idadi ya wanaotegemea. Tukaongeza ukurasa mmoja wa kueleza kusi na kaskazi ni nini, kwa maana mtu wa Massachusetts hawezi kujua kwamba Juni ya mvuvi wa pwani si Januari yake. Chuo hakikuuliza swali hata moja la ziada.

Utaona sasa kwa nini maneno yako kwamba "sikuwahi kuwa kiongozi wa chochote" yalinifanya nitabasamu. Umeyaandika sentensi moja tu baada ya kusema, kama jambo lisilo na uzito, kwamba wewe ndiye karani wa chombo cha baba yako. Insha za vijana wetu huanza karibu zote kwa namna moja: tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuiinua jamii yangu. Msomaji wa maombi amekwisha kuisoma sentensi hiyo tangu asubuhi, na haimwambii lolote kuhusu wewe. Lakini binti anayekaa na baba yake baada ya magharibi, baba akimsomea kumbukumbu alizoziandika kwa herufi za Kiarabu pembeni mwa karatasi ya sigara, naye akizihamishia kwenye safu za kilo na shilingi, kisha mwisho wa mwezi akagundua kwamba tajiri amekata petroli ya siku ambayo mashua haikutoka, huyo anaonekana. Sijui kama liligunduliwa jambo kama hilo kwenu. Ndilo swali unalopaswa kujiuliza. Ulipata nini katika daftari? Uliuliza nini? Kuna hesabu iliyokataa kukaa sawa? Tena wataka uhandisi: je, umewahi kujiuliza kwa nini mashine moja hula petroli zaidi ya nyingine kwa safari ile ile? Andika hilo, kwa sentensi za kawaida, na usiongeze lisilotokea. Mahojiano yakija, watakuuliza kuhusu hilo hilo, na mwenye kusema kweli hahitaji kukariri.

Andika insha ya kwanza kwa Kiswahili ukitaka. Nimeona ikiwafaa wengi, kwa sababu wanaporuka moja kwa moja kwenye Kiingereza cha mtihani, huleta maneno makubwa waliyofundishwa na kuyaacha madogo wanayoyajua. Kisha iandike upya kwa Kiingereza. Usiitafsiri neno kwa neno.

Kuhusu barua za mapendekezo nitakiri kosa langu. Mwaka mmoja nilikuwa na wanafunzi watatu waliokuwa wakiomba chuo kimoja, muda ukanibana, nikaandika barua moja nzuri na kubadilisha majina. Nilidhani nawasaidia. Barua zote tatu zilisomwa na mtu mmoja, na ofisi yao iliniandikia kwa upole kuuliza ni yupi kati ya watatu aliyekuwa "mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha". Hakuna aliyechukuliwa, na sitaacha kufikiri kwamba mmoja wao angeweza. Kwa hiyo mfuate mwalimu wako wa fizikia au wa hesabu mapema, walau miezi miwili kabla, umpelekee ukurasa mmoja wa kumkumbusha mambo mahususi: mradi mliofanya, swali uliloshindwa nalo kisha ukalirudia, mara ngapi ulibaki maabara. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hakumbuki kila kitu, na kumkumbusha si kukosa adabu. Muombe pia mwalimu mkuu ripoti zako za vidato vyote vinne, si matokeo ya KCSE peke yake.

Mitihani nitaipitia haraka. SAT siku hizi hufanywa kwa kompyuta, na vyuo kama MIT, Harvard na Dartmouth vimerudi kuitaka. Jisajili mapema kwa kuwa nafasi za pwani hujaa. Mtihani wa Kiingereza waweza kuwa TOEFL, IELTS au ule wa Duolingo ambao ni wa bei nafuu na hufanywa mahali ulipo, ila intaneti ikikatika katikati mtihani unaweza kubatilishwa, basi usiufanye kwa bando la simu siku yenye upepo. Maombi ya Marekani hufungwa kati ya Novemba na mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka hadi mwishoni mwa Machi, na masomo huanza Agosti au Septemba. Siku ya mwisho huhesabiwa mara nyingi kwa saa za kwao. Wewe jihesabie siku mbili kabla, maana umeme wa kisiwani hauifuati kalenda ya mtu.

Barua ya kukubaliwa ikija, usishangilie kabla ya kusoma safu ya pesa. "Ufadhili kamili" wa chuo kimoja hujumuisha tiketi ya ndege, bima ya afya na vitabu, na wa kingine huishia kwenye karo na chakula. Mwaka 1959 vijana 81 walipopanda ndege ya kwanza iliyoandaliwa na mwanasiasa Tom Mboya kutoka Nairobi kwenda New York, wengi walikuwa na nafasi za masomo mikononi, lakini kilichokuwa kimewakwamisha ni nauli; mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari kama hizo. Nauli bado huwakwamisha watu. Kama barua yako haikuitaja, andika na uulize, pamoja na ada ya viza na ile ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ya dola 350, ambayo hulipwa kabla ya kwenda ubalozini. Mpe mama nakala ya barua hiyo na mkae naye aielewe, likizo zikiwemo, na wapi utakaa vyuo vikifungwa. Mama aliyejibiwa maswali yake mezani hatakuzuia siku ya pasipoti.

Wiki hii, basi, tandaza vyeti, na anza na hati ya kiapo ikiwa majina hayapatani. Ukipata safari ya kuja Malindi, njoo na daftari la baba, la mwaka mzima, hata kama lina madoa ya maji ya chumvi. Nitataka kuuona kwanza ukurasa wa Juni, hasa ikiwa uko mtupu.